Baba alipiga simu redioni kupinga ndoa za jinsia moja, kaka yangu akiwa anasikiliza

Wakuu, salamu kutoka Garsen. Hii si chai, sijaitunga. Ni ya nyumbani kwetu, na bado inaniuma.

Nina kiduka cha kuchaji simu hapa mjini. Kaka yangu Komora ni fundi wa friji Malindi. Alikuwa amekuja likizo kwa wazee kijijini Wema.

Asubuhi moja alinitembelea dukani. Tunakunywa chai, redio iko wazi, mada ni ile ile: ndoa za jinsia moja zihalalishwe au la?

Watu wakapiga simu, wateja wangu wanacheka.

Mara nikasikia sauti ya Baba. Live.

"Mimi ni mzee wa kanisa, niko Wema. Hiyo sheria isipite kamwe. Na mtoto wangu akiwa hivyo, asije hata kunizika."

Duka zima likashangilia. "Mzee amemaliza!"

Hapa niseme: Komora alishaniambia zamani kwamba yeye ni hivyo. Nyumbani nilijua mimi peke yangu.

Akaweka kikombe chini. Akatabasamu kidogo.

"Baba ana sauti nzuri redioni," akasema.

Nikamsihi angoje. Akapanda basi la Malindi vile alivyo, bila hata begi lake.

Jioni akanitumia meseji: "Mwambie Baba nilimsikia. Mwambie ni mimi."

Wakuu, hiyo safari ya boda kwenda Wema ilikuwa ndefu.

Nilimkuta Baba shambani anakata mkungu wa ndizi. Nikamwambia. Akakaa pale pale kwenye tope, panga mkononi.

"Jilo, mimi nilikuwa naongea na redio," akasema. "Sikujua naongea na mtoto wangu."

Akaniambia nipige simu. Komora akashika.

"Umekula?" Baba akauliza.

"Nimekula, Baba."

"Yale niliyosema..."

"Niliyasikia yote, Baba. Pumzika."

Komora akakata simu.

Tangu siku hiyo hajarudi. Simu anashika, Mama anamsalimia, lakini ukitaja kuja nyumbani anasema kazi ni nyingi. Krismasi imepita, kiti chake kitupu.

Msinielewe vibaya. Baba hajabadilika kuhusu sheria, ukimuuliza leo atakuambia isipite. Mimi mwenyewe sijui nisimame wapi. Lakini anamtaka mtoto wake, na hajui aanzie wapi kumwambia.

Nilichojifunza: haya mambo tunayabishania kama ya watu wa mbali, kumbe anayeongelewa amekaa hapo na kikombe cha chai.

Wenye matusi, leo nipisheni. Kama uliwahi kuondoka kwenu hivi, nieleze: mzazi wako alisema nini ukarudi? Au angesema nini?

Nitamsomea Baba majibu. Yuko hapa dukani, tangu asubuhi amekaa tu.