Barua ya Maombi Yenye Picha Yako

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyomfokea mama mtu mzima mbele ya watu, tena mama aliyenishika mkono nikikuzaa wewe. Ilikuwa Jumapili, mwezi ule ambao kuta za Guangzhou zinatoka jasho na nguo haikauki hata uianike siku nne. Ibada yetu sisi tunaosema Kiswahili ilikuwa imekwisha, kule juu ya mgahawa, mtaa wa Xiaobei, na Mama Ambokile, mke wa mchungaji, alikuwa anamimina chai. Nikamwambia aweke chupa chini. Akaniuliza kuna nini, binti. Nikamwekea simu mbele ya macho.

"Huyu ni mtoto wangu. Nani alikupa ruhusa ya kumtangaza?"

Wewe ulikuwa na miaka minne, umeshika mkate, na ulinitazama mimi, hukumtazama yeye. Hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa tulia nikueleze, maana mwenye hasira akianzia mwisho haeleweki.

Mchungaji Ambokile na mkewe walikuja huku wakiwa wameshastaafu. Walitumwa na kanisa letu la nyumbani, Tukuyu, wawatunze wafanyabiashara wa kwetu wanaofuata mzigo. Kabla ya hapo walikaa Msumbiji, wakakaa Malawi, wakakaa Kongo hadi vita ikawatoa na masanduku mawili. Watoto wao wamelelewa na shangazi. Mzee magoti yamekwisha, lakini alfajiri utamkuta soko la Shahe, anapanda ngazi katikati ya marobota ya nguo, anamtafuta mtu mmoja tu, kwa kuwa amesikia mtu huyo amefiwa nyumbani. Viza ikikaribia kwisha wanapanda treni kwenda Hong Kong ili waingie upya, wanarudi wamenyong'onyea kama watu waliotoka kuzika. Sitawasingizia. Ni watu wema, na ndiyo maana jambo hili ni zito. Mtu mbaya akikuumiza unamtukana, unalala.

Kila mwezi wanaandika barua ya maombi. Ndiyo desturi ya watu wa kazi ile: wanawaeleza waliowatuma nani anaumwa, nani ameokoka, wanatia na picha, ili Jumapili watu wapige magoti wakijua wanamwombea nani. Barua inasomwa mbele ya kanisa, kisha inazunguka kwenye simu.

Mimi nilikuja huku kununua vitambaa vya pazia pale soko la Zhongda. Nikapata mimba, baba yako akabadilisha namba. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mimba ya miezi saba, na nyumbani sijamwambia mtu. Mama Ambokile akanichukua kwake, akanipikia uji, akafunga mlango tukaomba wawili. Akaniuliza nimebeba nini moyoni. Nikamwambia. Nilisema nikijifungua nitakuacha hospitali, nipande ndege.

Ndiyo, mwanangu, nilisema. Nimeamua ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mwingine. Nilisema, nikalia, na ulipozaliwa nilikukumbatia mpaka nesi akanicheka. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Huo ndio ujinga wangu wa ujana: nilidhani anayejua kuomba anajua na kunyamaza. Na nikaongeza wa pili. Siku alipokupiga picha, nilitabasamu, hata nikakupangusa pua utokee vizuri. Sikuuliza picha inakwenda wapi.

Ilikwenda Tukuyu. Umesimama na gauni lako la njano, na chini imeandikwa kwamba mtoto huyu mama yake alitaka kumtupa, mkono wa Bwana ukamzuia. Bibi yako alikuwa ameketi benchi la pili. Hakuwahi kulijua jambo hilo. Alikaa nalo wiki nzima, ndipo ujumbe wake wa sauti ukanifikia Jumapili ile asubuhi. Hakulia. Aliuliza tu, "Kumbe mjukuu wangu alikuwa wa kutupwa?"

Basi ndiyo nikafoka. Mama Ambokile akasema taratibu, "Sikutaja jina, mwanangu."

"Umeweka uso wake, Mama. Na uso huo ni wa bibi yake mtupu, Tukuyu nzima inaujua."

Mzee akainuka kwa shida, akasema ushuhuda si mali ya mtu mmoja, na wanaowaombea lazima wajue wanaomba nini. Nyuma yangu mtu akanong'ona kwamba fadhila ya punda ni mateke. Hapo nikatoa maneno ambayo sitayaandika. Kisha nikakubeba tukatoka. Kwenye ngazi nilijua nimeshindwa. Niliingia nikiwa na haki, nikatoka nikiwa mwanamke mkorofi.

Bi Zuhura, jirani yetu wa Unguja aliyezeekea kwenye biashara ya vitambaa, ndiye aliyenikemea. Pole hakunipa. Alisema nimewafanyia hisani, kwa kuwa watu watakumbuka nilivyofoka na kusahau nilichotendewa.

"Pale Zhongda hata kipande cha sampuli hukati mpaka umwombe laoban mwenye duka," akasema. "Sembuse mtoto wa watu? Kaa kitako uandike. Wewe si umesoma?"

Kwa hiyo shika haya, mwanangu. Siri usimpe mtu kwa kuwa ni mwema. Mpe uliyemwona akinyamaza. Aliyekutendea wema akikukosea, mshukuru kwa wema na umtajie kosa, kimoja kisifute kingine. Na penye kuandika, usifoke. Mungu akujalie ulimi mzito na moyo mwepesi, na jina lako likae kwenye midomo ya wanaokupenda.

Na haya ndiyo niliyoyapeleka kwa katibu wa baraza la wazee Tukuyu, nakala kwa Mchungaji mwenyewe, maana sikutaka kumsema kisogoni:

"Yah: Malalamiko juu ya barua ya maombi. Mimi ni mama yake Atupele, muumini wenu niliyeko Guangzhou. Nakiri kwamba Mchungaji Ambokile na mkewe walinisaidia nikiwa taabuni, na shukrani yangu siifuti. Nalalamika kwamba neno nililolisema katika maombi ya faragha limeandikwa na kusambazwa pamoja na picha ya mwanangu, bila mimi kuulizwa. Naomba barua hiyo iondolewe kila mlikoituma, na palepale iliposomwa, mbele ya mama yangu, isemwe kwamba haikupaswa kusomwa. Naomba mnaowatuma nje wafundishwe kuuliza kabla ya kuandika. Tafadhali msinijibu kwamba mnaniombea. Mwanangu ameanza kuzijua herufi. Naomba mlimalize jambo hili kabla hajaweza kusoma."