Sofa la mume wangu lilivyomfunga baba mkwe, na viti vya wabunifu wa zamani vilivyotufumbua macho

Kamwene wakuu.

Mimi humu ni msomaji tu. Nasoma nyuzi zenu, nacheka peke yangu, nafunga simu. Leo nimeona na mimi niandike. Ninayoyasema yametokea nyumbani kwangu hapa Makambako, na wahusika wote wapo hai. Mmoja yuko nje anaota jua, mwingine yuko karakana na hajui kama naandika. Anayetafuta chai aende jukwaa la mapenzi, kule wanachemsha kila siku.

Uzi ni wa viti. Usikimbie.

Mume wangu ni fundi sofa, na kazi yake inajulikana mpaka Njombe mjini. Anatengeneza yale makubwa yenye mikono minene, ukikaa unazama mpaka magoti yanakuwa juu kuliko kiuno. Kwenye send-off ndiyo yanatakiwa hayo. Binti asipotoka na sofa la hivyo mashangazi wananong'ona mwezi mzima. Mimi nashona foronya za mito, napiga picha na kuzirusha mtandaoni.

Mwaka jana baba mkwe aliteleza kwenye shamba lake la miti kule Kifanya, akaumia nyonga. Alitibiwa akapona, ila magoti hayakurudi kuwa ya zamani. Mama mkwe alishafariki, hivyo mume wangu akamleta kwetu.

Kwa furaha ya kumpokea mzazi akamtengenezea sofa lake peke yake, rangi ya maruni, sponji nene kuliko ya mteja yeyote. Mzee alilizunguka, akalipapasa, akasema, "Mwanangu, hiki ni kiti cha mkuu wa mkoa." Tukacheka wote.

Shida ilianza mume akishaenda kazini.

Mzee akishakaa mle, kutoka hawezi. Lazima avutwe. Na mtu anayebaki nyumbani mchana ni mimi, mkamwana wake.

Kwa wasiojua, kwa Wabena wa rika lake baba mkwe na mkamwana hawagusani. Chakula namwekea mezani, simpi mkononi. Mimi kwetu ni Ludewa, ni Mpangwa, na nimekuzwa hivyohivyo. Sasa nimshike kwapani nimvute kama gunia la viazi? Yeye angekufa kwa aibu, na mimi mikono ingekataa.

Nikaanza kuona uji unabaki. Nikadhani haumpendezi, nikaongeza sukari, nikabadilisha ulezi. Unabaki. Maji ndiyo hagusi kabisa. Nikamwambia mume, akasema huo ni uzee, wazee hawana njaa.

Siku moja nikaingia sebuleni bila kupiga hodi, nikamkuta anajaribu kunyanyuka. Anajirusha mbele, anarudi. Anajirusha, anarudi. Aliponiona akatulia, akachukua rimoti akakodolea macho TV. TV ilikuwa imezimwa.

Hapo ndipo nikaelewa. Mzee alikuwa hanywi ili asihitaji kwenda chooni mpaka mwanawe arudi jioni.

Wakuu, nilikwenda jikoni nikalia. Mtu kalea watoto, kasomesha, kapanda miti mlima mzima, halafu anajinyima maji kwenye nyumba ya mwanawe kwa sababu ya sofa.

Najua kuna mtu atauliza kwa nini asikae kiti cha plastiki. Alikaa. Akiegemea mkono mmoja ili anyanyuke, miguu ya kiti inapinda. Siku kilipotaka kumwangusha akakigomea moja kwa moja. Kitandani nako hataki, anasema kulala mchana ni kwa wagonjwa na yeye amepona.

(Samahani, nilikwenda kuepua maharage. Tuendelee.)

Siku hizohizo mteja mmoja wa Dar akanitumia picha DM. Kiti cha mbao, miguu myembamba, mgongo umepinda vizuri, sehemu ya kukalia imesukwa kwa kamba. Akauliza, "Mnatengeneza mid-century modern?" Sikujua ni mdudu gani. Nikajibu ndiyo, maana biashara unasema ndiyo kwanza. Kisha nikaanza kugugo.

Kumbe ni mtindo wa viti wa katikati ya karne iliyopita. Nikasoma habari za waliovibuni, na niseme kweli, waliniteka.

Denmark kulikuwa na mwalimu mmoja, kabla hajachora kiti anapima kwanza mwili wa mtu, na wanafunzi wake akawazoesha hivyo. Wengi waliofuata kule wakashika njia ileile. Marekani kulikuwa na mume na mke, mabingwa wa kupinda plywood, na kabla ya viti vyao kupata jina walitengeneza mabanzi ya kufungia miguu ya askari waliovunjika vitani. Ufini nako mtu na mkewe walitengeneza kiti cha hospitali ya wagonjwa wa TB, mgongo wakaulaza kwa namna ya kumsaidia mgonjwa kupumua.

Hapo niliweka simu chini. Mtu anafikiria pumzi ya mgonjwa ndipo anachora kiti. Sisi tunafikiria mashangazi.

Mteja wa Dar alipotea, kama kawaida yao. Mimi nikamwonyesha mume zile picha. Akacheka, akasema hiyo ni teremka tukaze iliyoota mgongo. Mnakijua kile kitanda cha kamba cha vijijini. Akasema hawezi kuonekana fundi sofa mzima amemkalisha baba yake kwenye kamba, wateja watamkimbia.

Nikamjibu maneno ambayo moderator atayafuta. Tukanuniana. Mume wangu akinuna anakula chochote bila kulalamika chumvi, kwa hiyo unajua kabisa hali ni mbaya.

Ikabidi nimwambie kwa nini uji unabaki. Nilikuwa sijamweleza, niliona namvua nguo baba yake.  Asubuhi yake mume akaenda karakana kuanza kiti.

Cha kwanza kilikuwa kirefu kwenda juu, kigumu, chenye mikono. Tatizo ni ufundi sofa, haumtoki mtu kirahisi. Mbele, kuanzia sehemu ya kukalia mpaka karibu na sakafu, akaziba kwa ubao na kuupigilia kitambaa, eti kiti kisikae uchi.

Mzee akakaa. Akasukuma mikono, akapanda nusu, akarudi. Akajaribu tena, akarudi. Akasema, "Kizuri, baba, kizuri tu," na sauti yake ilikuwa ya kumtuliza mwanawe. Mume akatoka bila kuaga. Mimi nikasema basi, tumeshindwa.

Jumapili tukaenda kanisani. Mzee alisindikizwa kwenye benchi la wanaume, mimi nikakaa nyuma upande wa pili. Ukapigwa wimbo, watu wakasimama. Na mzee akasimama.

Peke yake, wakuu. Kwenye benchi lisilo na sponji wala mikono.

Niliacha kuimba. Tulipokaa na kusimama tena nikamkazia macho miguuni. Kila akitaka kusimama anarudisha visigino nyuma, chini ya benchi, anainama mbele, yuko juu. Chini ya benchi ni wazi. Kwenye kiti chetu visigino vilikuwa vinagonga ubao, na kwenye sofa ni hivyohivyo.

Jaribu hapo ulipo. Nyoosha miguu mbele, kisha usimame bila kuirudisha. Ukiweza njoo unitukane. Mahubiri ya siku ile msiniulize yalihusu nini.

Nikarudi kwenye zile picha. Vile viti karibu vyote chini ni wazi, na mimi siku zote nilidhani miguu myembamba ni mapozi tu. Nikamwonyesha mume. Safari hii hakucheka, alichuchumaa akaangalia sofa lake kwa chini, kisha akaniambia nilete kipimo cha mguu wa mzee.

Sasa nani atampima? Mwanawe alipojaribu, mzee alikataa katakata. Alisema, "Fundi mbao humpima mtu siku moja tu, na yangu bado." Mimi ndiyo kabisa, siwezi kuusogelea mguu wa baba mkwe na futi yangu ya kushonea.

Ila raba buti zake zilikuwa mlangoni. Nani Njombe hana raba buti? Zile za mzee alizivaa shambani miaka na miaka, zimeshakubali mguu wake, na juu zimejikunja pale zinapoishia chini ya goti. Nikapima kuanzia soli hadi kwenye ule mkunjo, nikaongeza vidole vyangu vinne ili asikae chini sana. Huo ndio urefu wa kiti mpaka leo.

Mbao mume alizifuata mwenyewe Njombe, mgrivea uliokauka sawasawa. Kwenye sofa ubao mbichi au uliopinda unafunikwa na kitambaa maisha yanaendelea. Kiti cha aina hii hakina pa kufichia kitu. Mikono ya kiti akaisogeza mbele ili mzee apate pa kusukumia.

Kufika kwenye kusuka kamba, mzee alikuwa nje anatazama, amekaa kwenye benchi tulilolileta baada ya ile Jumapili. Mwanawe anavuta, anafunga, anavuta. Mzee akavumilia wee, mwisho akasema, "Lete hapa. Unaikaza kama unaionea huruma." Akasuka yeye. Alishinda nje mchana wote, na nilimsikia anaimba kwa sauti ya chini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aje kwetu.

Kiti kikaingia sebuleni. Mzee akakaa. Mume akasimama mbele yake kanyoosha mikono kama golikipa.

Mzee akarudisha visigino, akainama, akasukuma, akasimama. Akamtazama mwanawe akamwuliza, "Mbona mikono mbele, unadaka nini?"

Mume akasema anatoka kuangalia kama mvua inakuja. Mvua haikuwepo. Alikuwa analia, na mimi nilikuwa nalia, na mzee alijifanya hatuoni.

Wiki iliyopita nimetoka sokoni nikakuta kiti kitupu.  Nikaangalia chooni hayupo, nikazunguka nyumba hayupo, jirani hajamwona. Nikakimbilia karakana kumwambia mume baba amepotea.

Nikamkuta mzee palepale, na fimbo yake. Amekwenda mwenyewe kwa miguu. Kulikuwa na mteja kutoka Mdandu amekuja kumwagizia mama yake sofa, na mzee amemkalisha kwenye moja la maonyesho. Anamwambia, "Haya, simama. Mikono usitumie. Ukishindwa wewe kijana, mama yako unamfungia humo kwa kosa gani?" Mteja yuko chini anahangaika, mume wangu kashika kichwa, biashara inamfia mbele ya macho.

Mteja aliagiza kiti.

Nilichojifunza ni kidogo. Kabla ya kumnunulia mtu kiti, fikiria atakavyokiacha. Kukaa kila mtu anaweza. Wale wabunifu walilijua hilo, na wazee wetu wa teremka tukaze nadhani walilijua pia, ila sisi tulipopata sponji tukasahau.

Sasa naomba mchangie. Mafundi mliomo humu, nikosoeni. Na wewe unayeishi na mzazi, leo ukifika nyumbani usimwulize kitu. Kaa pembeni umwangalie anavyosimama. Ukiona anasubiri watu watoke ndipo ajaribu, njoo uandike hapa, vipimo natoa bure.