Mtama Ulioiva Peke Yake Nkowe

Nilifunga safari ya Nkowe kwa sababu ya mtama. Dada yangu Somoe, mjane, alimtuma dereva wa lori aniambie kwamba ndege wanamaliza shamba lake na yeye sauti imemkauka kwa kuwafukuza. Shamba hilo ndilo lilikuwa chakula chake cha mwaka mzima. Na mbegu iliyokuwa ndani yake nilimpa mimi.

Ilikuwa miaka ya tisini inaelekea kwisha. Sisi wa Mkotokuyana tulikuwa tumeletewa mbegu ya kisasa ya mtama, mfupi, mweupe, unaoiva wakati mtama wetu wa asili, ule mrefu, bado haujatoa hata suke. Mwaka wa kwanza tulivuna vizuri, nami nikawa msemaji wake kila mahali. Somoe alipokuja kututembelea nilimfungia mfuko wa mbegu mbele ya majirani.

"Kaka, nitaupanda kidogo nyuma ya nyumba kwanza, niuone," alisema.

"Utauona mara ngapi? Umeshaula hapa kwangu. Panda shamba zima."

Alitazama mfuko, akatazama mikono yake, akasema, "Haya, kaka." Kwetu kaka mkubwa akisema neno mbele ya watu, dada hambishii. Nililijua hilo niliposema.

Asubuhi ya kuondoka nilifunga magunia matupu nyuma ya baiskeli. Mke wangu alisimama mlangoni na ufagio wake.

"Magunia ya nini? Mwenzio analia ndege, wewe unabeba magunia."

"Ya mavuno. Somoe tangu utotoni mvivu wa kuamka. Akikaa kitandani kwake mpaka jua litoke, ndege wasile?"

"Haya, nenda kamwamshe," alisema, akaendelea kufagia.

Kutoka Nachingwea mjini nilipata nafasi juu ya lori la mizigo, baiskeli ikafungwa pembeni kwa kamba. Mvua zilikuwa bado nzito. Mara mbili tulishuka kusukuma, matope yakitufika magotini. Pande zote za barabara niliona mtama mrefu, mbichi, majani yake yakimeta kwa maji, na hakuna hata ndege mmoja juu yake. Niliuona kwa macho yangu na sikujiuliza chochote. Nilikuwa ninafikiria namna nitakavyomsema dada yangu.

Ruangwa nilifika alasiri, gurudumu la baiskeli likiwa limepinda kwa kubanwa na mizigo. Fundi karibu na soko aliliweka sawa huku akinihoji.

"Mzee unaelekea wapi?"

"Nkowe, kwa dada yangu."

"Nkowe? Basi utapita kwa yule mama wa ndege."

"Mama gani wa ndege?"

"Yuko mmoja, kapanda mtama wa kitaalamu. Ndege wa wilaya nzima wamehamia kwake." Akacheka, akazungusha gurudumu. "Fanya haraka mzee, utakuta mabua."

Sikumwambia kwamba huyo ndiye dada yangu. Nilimlipa nikaondoka.

Nkowe, kabla sijaiona nyumba, nilisikia debe likigongwa. Halafu nikaona kitu kama moshi kikipanda, kikageuka, kikashuka tena palepale. Walikuwa kwelea. Katikati ya shamba Somoe alikuwa amesimama juu ya dungu, yaani jukwaa la miti la kuamia ndege, anavuta kamba zilizofungwa makopo. Akivuta upande huu, ndege wanahamia upande ule. Khanga yake ilikuwa imelowa mpaka mabegani.

Nilipanda ngazi. Alinipokea kwa kunong'ona, maana sauti haikuwepo.

"Umefika, kaka. Shikamoo. Shika kamba hiyo."

Nilishika. Mikono yangu ilichubuka kabla jua halijazama, na hatukuokoa kitu cha kujisifia. Siku ya pili niliamka kabla yake, kumwonyesha, lakini nilimkuta tayari yuko shambani. Ule uvivu niliokuja kuukaripia haukuwepo. Nilipanda dungu, nikashika kamba.

Mchana alipita shemeji yake, Hamisi, mdogo wa marehemu mumewe, ana jembe begani. Alisimama mpakani kwenye mtama wake mrefu, mbichi.

"Karibu shemeji! Umekuja kuwatembelea kuku wako?"

"Badala ya kucheka ungekuja kutusaidia, Hamisi."

"Ningekuja kila siku, shemeji, na ufuta wangu aupalilie nani? Sisi kuamia tunaamia wote pamoja, mtama ukiiva. Kila mpaka una dungu, huyu akiwafukuza wanakwenda kwa yule, yule anawafukuza, mpaka wanachoka wenyewe. Sasa huyu kaiva peke yake. Ndege waende wapi?"

Aliposema hivyo ndipo nilipoyakumbuka maneno ya bwana shamba wetu. Siku ile ya kugawa mbegu alisimama mbele yetu akasema: mbegu hii ipandeni wote, mashamba yaliyopakana, au msiipande kabisa, na mkiiwahisha sana itaivia kwenye mvua. Sisi Mkotokuyana tulifanya hivyo, ndiyo maana tulivuna. Mimi nilimpa Somoe mfuko, nikamweleza nafasi kati ya mstari na mstari, nikamsifia unga wake. Neno lile la kupanda na majirani nililiacha. Nililiona ni maneno ya kumalizia mkutano tu.

Nilimwambia palepale juu ya dungu. Alisikiliza huku anavuta kamba.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua," alisema.

"Niliambiwa."

"Ungeniambia ningemwomba Hamisi apande na mimi. Angekubali au angekataa. Akikataa, na mimi nisingepanda."

Akaishika kamba nyingine, akaivuta.

Siku zilizofuata tulikata kilichobaki. Masuke mengi yalikuwa makapi, na yaliyokuwa na punje yalishaanza ukungu kwa mvua. Tuliyakausha juu ya moto jikoni, nyumba nzima ikanuka uvundo. Kati ya magunia niliyobeba, moja tu lilipata kitu, nalo halikujaa; hilo nilimwachia. Nilimwomba aondoke nami, akale kwetu mpaka msimu mwingine.

"Nikiondoka, watasema nimefukuzwa na ndege," alinijibu. "Nitakaa. Watavuna, nitawasaidia kupura, watanipa."

Niliondoka Nkowe asubuhi yenye ukungu. Hamisi alinisindikiza hadi njia kubwa, safari hii bila utani. Aliniambia nisihofu, hawatamwacha shemeji yao alale njaa. Hawakumwacha. Lakini Somoe, aliyekuwa na shamba lake, mwaka ule alipura mtama katika nyua za watu ili apate wa kula. Njiani nilitazama mashamba yaleyale mabichi niliyoyapita wakati wa kwenda. Nyumbani mke wangu aliyaona magunia yangu, akayachukua, akayaanika.

Nilidhani hasara ilikuwa ya mwaka mmoja. Miaka ya elfu mbili ilipoingia, msimu mmoja mvua zilikatika mapema. Mtama mrefu ulikauka ukiwa umesimama, masuke hayajatoka. Kwetu Mkotokuyana ule mfupi ulikuwa umeshakomaa, tukala. Nkowe hakuna aliyekuwa nao. Kila walipoletewa mbegu ile walisema, "Huo si ule wa ndege?" wakaiacha.

Nilimpelekea Somoe unga. Nilimkuta ametoka porini kuchimba ming'oko, ile mizizi tunayochimba chakula kikiisha, udongo umemjaa mpaka kwenye viwiko. Tuliketi kibarazani. Zamani nilidhani mkulima anayekataa mbegu mpya anaogopa upya. Siku hiyo nilielewa kwamba wenzake Somoe walikuwa wamechagua kwa kutazama shamba moja, na shamba hilo niliwatengenezea mimi.

"Mbegu haikuwa na kosa, Somoe," nilisema. "Mkipanda wote, mtavuna. Waambie."

Alikuwa anamenya ming'oko, hakuinua uso.

"Najua, kaka, haikuwa na kosa. Lakini hapa Nkowe, kuhusu mtama, nani atanisikiliza mimi?"