Sheria ya Kutosalimiana

Mimi ni mtoto wa mjini. Baba yangu alikuwa na duka la vitambaa Shinyanga, karibu na msikiti, na nilipohitimu unesi nilidhani hakuna wa kunifundisha adabu. Kisha nikapelekwa kwenye zahanati ya kijiji kimoja nje ya Katoro, miaka ile watu walipokuwa wamehamishiwa vijijini. Huko nilifundishwa adabu upya, na sikuifurahia.

Alhamisi ilikuwa siku ya uzazi wa majira. Wanawake walikuja kuchukua vidonge au kuchomwa sindano ya miezi mitatu. Wazee watano wa kijiji hawakuipenda siku hiyo. Mmoja wao alikuwa amerudi mnadani na habari kwamba sisi zahanati tunatoa mimba, na habari ya mnadani haiulizwi shahidi. Hatukutoa, sheria ya nchi ilikataza. Tulichofanya ni kuwapokea waliokwisha kunywa mizizi kwa siri wakaja wanavuja damu, tukawatibu bila kuwahoji kama polisi. Wawili walitufia mikononi mwaka huo. Hasira yangu na wale wazee ilianzia hapo, na sijui kama imekwisha.

Hawakurusha jiwe wala tusi, nisiwasingizie. Walileta vigoda vyao, wakakaa kando ya njia hatua chache kutoka mlangoni kwetu, wakawa wanasokota kamba za katani. Basi. Lakini mwanamke wa Kisukuma hampiti mzee hivihivi. Atasimama, atapiga magoti, atasema mwangaluka, atasubiri aitikiwe, kisha ataulizwa ukoo wake, mvua ya kwao, ng'ombe, wagonjwa wa nyumbani, na mwisho, kwa upole kabisa: "Na huku unaelekea wapi, mama?" Wazee watano, swali hilohilo mara tano. Wengi walijibu kwamba wanakwenda dukani. Niliwaona dirishani wakigeuza njia kwenda kununua chumvi wasiyoihitaji, mpaka mwenye duka akaanza kuniamkia kwa heshima nisiyoielewa.

Kulikuwa na mama mmoja wa watoto wanane. Uzazi wake wa mwisho alivuja damu hata tukamkimbiza Geita kwa lori la pamba, na daktari akamwambia mbele yangu kwamba mimba nyingine itamwua. Sindano ya kwanza alichomwa hukohuko hospitali. Mumewe alikubali. Tatizo lilikuwa baba mkwe wake, maana ndiye aliyekalia kigoda cha kwanza. Alhamisi mbili mfululizo yule mama alifika, akamwona, akarudi na chumvi. Nilipohesabu kwenye kadi yake, ilibaki Alhamisi moja tu kabla sindano ile haijaisha nguvu.

Nikaenda kwenye halmashauri ya kijiji.

"Nesi, wamempiga mtu?" mwenyekiti aliniuliza.

"Hapana."

"Wametukana?"

"Wanasalimia."

Wajumbe walicheka hadi mmoja akapaliwa. Mimi sikucheka. Niliwaambia habari za wale wawili tuliowazika, nikasema wa tatu atatoka kwenye nyumba ninayoijua, na wao watakwenda msibani na kusalimiana vizuri sana. Kicheko kikakatika. Wakabishana mpaka adhuhuri. Mjumbe mmoja alilalamika kwamba serikali imeshapiga marufuku mambo mengi, sasa imebaki kutukataza kupumua. Lakini sheria ndogo ikapita: kila Alhamisi, kuanzia ghala la pamba hadi mlango wa zahanati, ni marufuku mzee kumsalimia mtu, kumwuliza neno, au kuitikia salamu. Faini ni jogoo mmoja.

Wa kwanza kutozwa alikuwa mwenyekiti mwenyewe. Alikuja alfajiri ya Alhamisi kubandika tangazo, akaniona, akanisalimia kwa mazoea. Jioni tulimla jogoo wake kwa wali, na yeye tulimkaribisha.

Kukapambazuka. Wazee walikuja vilevile, wakakaa na midomo imefungwa kama watoto walionyimwa uji. Wanawake wakaanza kupita, wengine mbiombio kwa aibu, wengine wakijikaza wasicheke. Kisha mama wa wanane akatokea. Alipofika kwenye kigoda cha kwanza, magoti yalijikunja yenyewe.

"Mwangaluka, baba."

Hapo ndipo nilipoona tulichosahau. Mwanamke aliyepiga magoti mbele ya mkwewe hainuki mpaka aitikiwe, na kuitikia ndiko tulikokataza kwa sheria, na muhuri juu. Mzee kimya. Mkwe chini, macho kwenye vumbi. Mimi nimesimama mlangoni na bomba la sindano mkononi, naitukana moyoni halmashauri nzima pamoja na mjinga aliyewapelekea shauri hilo. Nilijua akiinuka kwa aibu akageuka, hatarudi tena. Niliogopa vibaya sana.

Mzee aliweka kamba yake chini. Jirani yake akamnong'oneza, "Jogoo huyo."

"Nyamaza wewe," alisema mzee. Kisha akamgeukia mkwewe. "Mwangaluka, mwanangu. Inuka uende ndani. Wale wanane bila mama yao mimi siwawezi."

Hakumwuliza ukoo wala mvua. Yule mama aliinuka, akaingia na vumbi magotini. Nilipomchoma, mgonjwa ndiye aliyenipa pole.

Nilihamishwa miaka sita baadaye. Siku ya kuniaga yule mama alikuja na watoto wake, nami kwa tabia yangu ya kinesi nikawahesabu wakiingia uani mmoja mmoja. Wanane. Yeye akaingia wa tisa.