Mchanga unaopita mlangoni kwa Tumpe

KYELA. Jua bado limejificha nyuma ya Milima ya Livingstone, na Tumpe Mwandemele (53) ameshaloa mpaka kiunoni. Amesimama katikati ya mlango wa Mto Kasilwa, pale maji ya mto yanapoingia Ziwa Nyasa. Anashindilia beleshi mchangani, anainua, anajaza kiroba kilichoshikwa na mwenzake. Viroba vikijaa vinapangwa ndani ya mtumbwi na kusukumwa kwa mikono hadi ng'ambo.

Ghafla anaacha kazi na kushika kiuno.

"Jailos! Hicho umemwaga wapi?"

Jailos Mwaisumo, mwanamume ambaye kikundi kizima kinamjua kwa kupenda njia ya mkato, anaonyesha kwa kidevu upande wa Matema, ambako ndiko karibu.

"Upande wa Songwe, baba. Songwe! Huko ulikomwaga, mwera ukivuma mchanga unarudi humu humu mlangoni. Halafu nani atautoa?"

"Mama Atupele, kiroba kimoja tu."

"Kimoja chako, kimoja cha yule, mlango umeziba. Kakizoe."

Wenzake wanamcheka. Jailos anashuka kukizoa huku akinung'unika kwa Kinyakyusa maneno ambayo Tumpe anajifanya hakuyasikia.

Hii ndiyo kazi ya Tumpe kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi mvua zinapoanza. Mwera, upepo mkali unaovuma kutoka kusini wakati wa kiangazi, hulisukuma ziwa, na mawimbi hurundika mchanga mdomoni mwa mto mpaka unazibwa kabisa. Mvua zikikuta mlango umefungwa, mto hukosa pa kutokea na kurudi nyuma kwenye bonde la mpunga. Kijijini hawajasahau mwaka ambao kazi ilichelewa na mpunga ukaozea shambani.

Watu kumi na wawili wako kwenye kikundi, saba kati yao ni wanawake. Malipo ni debe moja la mpunga kutoka kwa kila kaya yenye shamba bondeni, baada ya mavuno. Wapo wanaotoa mara moja, na wapo ambao siku ya kutoa hawapo nyumbani, hata mbwa wao hayupo.

"Tunawajua," anasema Tumpe. "Lakini mto hauchagui shamba. Ukimwachia huyo afurike, na jirani yake anafurika."

Kazi hii aliirithi kwa mumewe, Asukile, aliyekiongoza kikundi hadi alipofariki miaka sita iliyopita. Asukile amezikwa nyumbani, kama desturi ya wengi hapa, nyuma ya nyumba, kati ya migomba na ziwa. Kaburi lina saruji na msalaba wa chuma. Walipolichimba, wanaukoo waliacha nafasi ubavuni mwake, upande wa ziwani, wakaizungushia mawe. Hakuna aliyehitaji kuuliza nafasi hiyo ni ya nani.

"Nilikuwa nakaa pale jioni nachambua mchele," anasema. "Mahali pako mwenyewe hapatishi."

Kilichomtisha ni ziwa. Miaka ile maji yalipanda, na mawimbi yakaanza kumega ufukwe mbele ya nyumba yake. Kila mwera ulipopita, kaburi lilikuwa karibu na maji kuliko lilivyokuwa kabla.

Tumpe akafanya kile ambacho Mnyakyusa yeyote angekifanya akitaka kuzuia kitu: akakata mianzi. Kwao mianzi ni uzio, ni dari, ni zizi la ng'ombe. Yeye na binti yake Atupele walichomeka ukuta wa mianzi kuanzia nchi kavu kuingia majini, wakaufunga kwa kamba za migomba na kuujazia matete.

Ukuta ulifanya kazi kuliko walivyotarajia. Msimu mmoja tu, mchanga ukajaa nyuma yake. Ufukwe wa Tumpe ukatanuka, watoto wakapata uwanja wa mpira, na watu wakawa wanakuja kuutazama. Mwenyekiti wa kitongoji aliusifia mkutanoni. Tumpe anakiri kwamba kichwa kilivimba.

"Nilisema, mwe bandu, enyi watu, kumbe ziwa nalo linafungwa kama mbuzi!"

Aliyekuwa hasifii ni jirani yake wa upande wa Songwe, Ikupa Mwakalobo, mjane kama yeye. Msimu ule ule ambao Tumpe alipata mchanga, Ikupa alipoteza safu ya michikichi, kisha choo, kisha ukingo ukaanza kusogelea jiko lake.

"Nilidhani ni zamu yangu tu," anasema Ikupa. "Ziwa lina zamu. Sikujua kwamba zamu yangu imefungwa kwa mianzi kule kwa shoga yangu."

Aliyekuja kusema hivyo ni Sifaeli, mtaalamu wa maji kutoka wilayani, kijana mpole anayevaa mabuti makubwa kuliko miguu yake. Alitembea ufukweni kutwa nzima, kisha akamwambia Tumpe kwamba mchanga wa pale hausimami. Mwera ukivuma unasafiri kutoka upande wa Matema kwenda upande wa Songwe, unapita kwa Tumpe, unafika kwa Ikupa, unaendelea. Ukiuzuia kwa mmoja, anayefuata hapati kitu.

"Nilimuuliza, mchanga una miguu?" anakumbuka Tumpe. "Nilimjibu vibaya. Na chai sikumpa."

Sifaeli hakubishana. Aliomba matofali mabovu ya kuchoma, akayaponda yakawa unga mwekundu na kuumwaga karibu na mlango wa mto, kisha akaomba wasubiri upepo. Mwera ulipotulia, Tumpe alishuka ziwani. Wekundu ulikuwa umetembea kweli. Ulikuwa umejaa kwenye mianzi yake. Alivuka ukuta, akaenda hadi kwa Ikupa akiangalia chini, na hakuona hata chembe.

Alijua, na bado hakuung'oa. Hilo analisema bila kuzungukazunguka.

"Msimu mzima nilikaa kimya. Nilijiambia, mimi nalinda kaburi, yeye anapoteza choo. Choo kinajengwa kingine."

Jiko la Ikupa lilianguka mwezi Julai, mchana, watu wakiona. Ukuta wa upande wa ziwani uliteleza polepole, bati likafuata, na mafiga matatu yakabaki yamening'inia ukingoni kabla hayajatumbukia nayo. Tumpe alikuwa miongoni mwa waliokimbilia kuokoa masufuria.

Ndipo jambo lilipomwingia akilini. Kwenye msiba wa Asukile, nyumba yake ilijaa waombolezaji waliolala kwenye mikeka kwa zaidi ya wiki, na chakula chao chote kilipikwa kwenye jiko lile. Ikupa ndiye aliyekuwa akikesha na kuni. Sufuria aliyoishika Tumpe mkononi ilikuwa ile ile iliyopikia maharage ya msiba.

"Nililia kuliko mwenye jiko," anasema. "Watu wakaona ajabu. Hawakujua nalia nini."

Kesho yake, mwera ukiwa umepamba moto, alishuka na panga na kuanza kukata kamba za ukuta wake. Atupele alimsihi asubiri hata upepo utulie. Hakusubiri. Jailos, ambaye kwa kawaida hukimbia kazi, alikuja kumsaidia kung'oa bila kuitwa.

Mchanga uliokuwa umefungwa uliondoka wote. Ulipita kwa Ikupa, ukamwachia ufukwe mwembamba, na ukingo ukaacha kubomoka. Kwa Tumpe ziwa lilirudi lilipokuwa, kisha likapita. Kabla ya Agosti kwisha lilikuwa limechukua nafasi ile iliyozungushiwa mawe, yote, na kusimama ubavuni mwa kaburi la Asukile. Asubuhi moja Tumpe alikuta jiwe moja tu limebaki.

"Mume nikabaki naye. Mahali pangu pakaenda."

Wanaukoo walikuja, wakashauri mabaki ya Asukile yahamishiwe mbali na maji. Tumpe aliomba wampe misimu miwili, aone kama mchanga utarudi. Walinung'unika, wakakubali.

Siku hizo hizo alisimama kwenye mkutano wa kijiji na kuomba jambo moja: mchanga unaochimbwa mlangoni usiondolewe tena. Kwa miaka mingi trekta zilikuwa zikiuzoa kwenda kujazia barabara na misingi ya nyumba, na kila mtu aliona ni sawa, maana ulionekana kama uchafu wa mto. Ubishi ulikuwa mkali, hasa kutoka kwa waliokuwa na nyumba zilizojengwa nusu. Sifaeli aliitwa kueleza. Safari hii alipewa chai. Mwishowe wakakubaliana: kila kiroba kimwagwe ng'ambo, upande wa Songwe, ili ziwa lenyewe liugawe mchanga.

Huu ni msimu wa pili. Ufukwe wa Ikupa umepanda vizuri, na amejenga jiko jipya, nyuma kidogo. Naye sasa ni mmoja wa wale kumi na wawili. Kwa Tumpe mchanga umekuja kwa uchoyo, ila umekuja. Kando ya kaburi amepanga viroba sambamba na ukingo, visivyoingia majini hata kimoja, na nyuma yake amepanda matete. Wapo wanaomwambia achomeke mianzi michache tu, ya kuhifadhi kaburi, nani ataona?

"Mimi nitaona," anajibu. "Mchanga unapita hapa mlangoni kwangu, naupungia mkono. Uende kwanza. Kule kukishiba, na mimi nitapata."

Kazi ya leo inaisha jua likiwa limewaka. Mlango umefunguka upana wa mitumbwi miwili, na maji ya mto yanatoka yakiwa ya kahawia. Bado wiki kadhaa mvua zianze. Watu wanaosha mabeleshi na kutawanyika.

Tumpe anafika nyumbani na kukuta mtu amemtangulia. Ni Ikupa, karai la mchanga likiwa kichwani, mchanga uliochotwa mbele ya nyumba yake mwenyewe. Amelileta kila siku ya kazi tangu msimu uanze. Anapita kati ya migomba, anainama kando ya kaburi la Asukile, na kumwaga mchanga kati ya saruji na viroba, kwenye shimo ambalo zamani lilikuwa na mawe pande zote. Kisha anausawazisha kwa kiganja.

"Kitanda chako hiki, Mama Atupele. Njoo upime."

Tumpe anasogea, anasimama ubavuni mwa mumewe, anaangalia chini. Mchanga umejaa kutoka kichwani mwa kaburi hadi katikati.

"Ndaga, dada," anamshukuru. "Lakini mimi ni mrefu. Ukinilaza leo, miguu itakuwa majini."

"Basi usife," anasema Ikupa, akichukua karai lake. "Kesho naleta lingine."