Waliokataza Makalavati Yasizibuliwe

Ukuta wa upande wa jikoni ndio ulioanza. Haukuanguka. Uliyeyuka taratibu, kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni, na sisi tuko juu yake. Jua lilishatoka, tunaonana wote, kila nyumba na watu wake juu ya paa. Nyumba zetu ni tembe, za udongo, na paa lake ni bapa, ndiko tunakoanikia mtama na mlenda. Maji yakikuzunguka hapa bondeni huna mlima wa kukimbilia, unapanda paa. Nilimpandisha mama yangu kwa kumsukuma kwa bega, naye ananigombeza njia nzima kwamba namvua nguo mbele za watu.

"Shika boriti, mama."

"Boriti iko wapi? Mimi naona?"

Macho yake yalikwisha zamani. Nikachukua mkono wake nikauweka kwenye boriti, nikaweka na wangu juu yake. Paa likainama upande wake. Udongo wa juu, uliokwisha kulowa wiki nzima, ukaanza kuteremka na sisi tumo ndani yake. Mama akaniita kwa jina la utotoni, jina ambalo sasa hakuna mtu aliyebaki wa kuniita. Halafu boriti ikachomoka. Mimi nikaangukia upande wa uani, nikakamatwa na mti wa zizi. Yeye akaangukia upande wa maji.

Ndivyo ilivyokuwa. Sasa nitaeleza ilikoanzia, kwa sababu wapo wanaosema ilianzia mbinguni.

Kitongoji chetu kiko kwenye bonde hili kubwa la Manyoni, ng'ambo ya huku ukitoka mnadani Kintinku. Korongo linatoka kule milimani, kiangazi ni mchanga mtupu, watoto wanachimba humo visima vya maji ya kunywa. Masika linajaa, linapita, linakwenda zake kwenye mbuga. Zamani lilikuwa likifika kwetu limeshatawanyika, maji ya kifundo cha mguu, unavuka na beseni kichwani unaimba. Baadaye ikajengwa barabara. Wakainua tuta refu linalokata bonde, na chini ya tuta wakaweka makalavati ili maji ya korongo yapite. Upande wa juu wa tuta kuna majaruba ya mpunga. Upande wa chini tupo sisi. Makalavati yakiwa wazi, sisi na majaruba hatudaiani kitu.

Majaruba makubwa ni ya mwenyekiti wa kijiji na ndugu zake. Jina lake silitaji. Cheo nakitaja, na watu wa hapa hawahitaji zaidi ya hapo.

Mwaka uliotangulia mvua ilitunyima. Mtama ulikauka ukiwa na mimba. Mpunga ndio usiseme. Ng'ombe walikonda ukawa unahesabu mbavu ukiwa mbali. Mwenyekiti akaona ujanja: akawakusanya wenye majaruba, wakajaza mchanga kwenye viroba, wakaziba makalavati, ili tone lolote litakaloshuka kutoka milimani libaki upande wao. Sikatai, nchi kavu kama hii maji hayaachwi yakapita bila kusalimiwa. Hata mimi nachimba mtaro kuyaingiza maji ya njia shambani kwangu. Bwana shamba alikuja na pikipiki yake, akasimama juu ya tuta, akasema huo ndio ubunifu anaoutaka. Mtu wa barabara naye alipita na gari, akashuka, akaviona viroba, akajisaidia pembeni ya tuta, akapanda gari akaondoka. Nilikuwepo, nakata majani ya mbuzi. Ninawaandika wote wawili hapa.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alimuuliza mwenyekiti siku ile ile, "Na mvua ikirudi je, kaka?"

"Ikirudi tutazibua. Kwani viroba vimejengewa saruji?"

Watu wakacheka. Basi ikaisha hivyo, kwa kicheko.

Mvua ikarudi. Ilianza mwezi wa kumi na mbili, na ilianza vizuri, mvua ya adabu, inanyesha jioni asubuhi unalima. Watu walisalimiana kwa sauti kubwa njiani, "Mbukwa!" mpaka unadhani wameoa. Lakini haikukata. Ikaingia mwezi wa kwanza inanyesha mchana, inanyesha usiku, nguo hazikauki, kuni zinatoa moshi tu, paa la tembe linavuja hata ukipanda kuongeza udongo. Na hapa mgeni lazima aelewe jambo moja la kwetu. Kwetu mtu hasemi mvua imezidi. Hasemi imetosha. Mvua ni mgeni mwenye hasira za karibu, ukimwonyesha mlango haji tena. Na anayesema hivyo anaweza kuambiwa ni mfunga mvua, yule mchawi anayeifunga isinyeshe wenzake wafe njaa. Mwaka ule wa ukame, kitongoji cha pili, bibi mmoja mjane alitolewa nyumbani kwake kwa neno hilo. Walimbomolea nyumba. Alikwenda kuishi kwa binti yake Itigi na hajarudi. Kila mtu anajua waliofanya. Kila mtu anamkumbuka yule bibi.

Kwa hiyo tuliona maji yanakusanyika nyuma ya tuta, siku kwa siku, mpaka majaruba yote yakawa ziwa moja na bata wa porini wakashuka kuogelea, na tukawa tunazungumza mambo mengine. "Mtama umependeza." "Umependeza kweli." Huku macho yote yako kwenye tuta.

Mwenyekiti akaitisha mkutano wa hadhara shuleni, ajenda yake ni mbegu. Mama ndiye aliyenituma. Alikuwa anasikia maji kutoka kitandani kwake, anasema yana sauti ya kitu kilichofungiwa. Akaniambia nenda ukaseme, lakini usiseme mvua. Sema viroba tu.

Nikasimama. Nikasema, "Mheshimiwa mwenyekiti, tunaomba vile viroba vitolewe sasa. Sisi wa chini tunaogopa."

"Mnaogopa nini, mama?"

"Maji."

"Maji." Akawageukia watu. "Mwaka jana tulilia hapa hapa, tukasali msikitini na kanisani, mimi mwenyewe nilifunga. Leo Mungu ametoa, kuna mtu anaogopa maji! Hebu nisaidieni. Nani mwingine hapa anasema mvua imezidi? Asimame tumjue."

Sikusema mvua. Nilisema maji. Lakini alijua anachofanya, alikuwa anafungua mlango wa yule bibi ili tuchungulie ndani. Mwanamke mmoja nyuma, mke wa mdogo wake mwenyekiti, akadakia, "Kumbe wafungaji tunao, tunawatafuta mbali!" Wengine wakacheka kicheko kile cha kujiokoa. Shemeji akanivuta kanga, "Kaa chini, shemeji. Kaa, watakuangushia nyumba."

Nikakaa. Hakuna aliyesimama. Baadaye mwenyekiti aliwaambia wakubwa kwamba wananchi waliridhia kwa kauli moja viroba visitolewe. Kauli moja ilikuwepo kweli. Ilikuwa yake.

Siku iliyofuata wanaume wa kitongoji chetu walikwenda na majembe kuzibua wenyewe. Niliwafuata kwa nyuma na wanawake wengine. Tulikuta mgambo wawili juu ya kalavati, wamevaa mifuko ya plastiki kichwani kwa ajili ya mvua, wana marungu.

Shemeji akawaambia, "Wadogo zangu, tupisheni tufanye kazi ya dakika."

"Kaka, shikamoo. Hatuwezi."

"Marahaba. Nani kasema hamwezi?"

"Mwenyekiti kasema mpunga wa kando kando ya maji umepandikizwa juzi, maji yakishuka ghafla yatang'oa miche. Msubiri ushike mizizi."

"Na sisi tushike nini?"

Mgambo mmoja alicheka bila kutaka. Yule mwingine akasema, "Kaka, mimi mwenyewe mama mkwe wangu anakaa huko kwenu. Lakini nikikuachia, kesho mimi ndiye nalala mahabusu." Wakapiga simu kwa mwenyekiti tukisikia. Akajibu hapana, neno moja, simu ikakatwa. Tukampigia mtendaji wa kata, ambaye ndiye mkubwa wa serikali aliye karibu nasi. Akasema yuko kikaoni, tumtumie ujumbe. Shemeji akatuma. Akajibu: "Nitafuatilia." Neno hilo ninalo kichwani mpaka leo. Wanaume walisimama pale kwenye mvua kwa muda mrefu, majembe begani, halafu mmoja akageuka, na wengine wakageuka. Wangeweza kuwasukuma wale vijana wawili. Nimewauliza mara nyingi kwa nini hawakufanya hivyo. Wananijibu, aliyezibua angeitwa mfunga mvua, na mvua ingekata siku yoyote baada ya hapo lawama ni zake na watoto wake.

Alfajiri iliyofuata tuta lilikatika. Halikukatikia kwenye makalavati, lilikatikia kati, mahali palipokuwa pamelainika. Tulisikia kwanza mbwa, halafu kitu kama treni ya mizigo, na sisi tunaoishi karibu na reli tunajua treni ikoje, ila hii ilikuwa inatoka upande usio na reli. Ziwa lote lile lililokuwa linakusanywa kwa wiki nyingi likaja kwa mara moja. Tukapanda mapaa. Kilichofuata nimeshakisema.

Mama tulimkuta maji yalipopungua, kwenye ua wa miiba wa zizi la jirani, miiba ile ile tunayoiweka kuzuia fisi. Ilichukua muda kumtoa. Wanawake tulimtoa, tukawafukuza wanaume, kwa sababu nguo zilikuwa zimemvuka, na yeye alishaniambia hataki. Wengine wa kitongoji walipotea pia na wote tumewazika. Mimi nasema ya mama kwa sababu ndiye niliyemshika mkono.

Wakubwa wa wilaya walikuja baada ya maji kuondoka, na mabuti mapya yanayong'aa. Siwezi kusema hawakuleta kitu. Walileta mahema yakafungwa shuleni, wakaleta unga, maharage na mablanketi, na muuguzi aliyekesha na watoto wanaoharisha, huyo Mungu ambariki. Lakini hotuba! Yule mkubwa alisimama mbele yetu, tope linatukaukia mwilini, akasema haya ni maafa ya asili, mabadiliko ya hali ya hewa, dunia nzima inalia. Halafu akatugombeza. "Tumewaambia mara ngapi msijenge kwenye mikondo ya maji?"

Mzee mmoja, aliyezaliwa pale pale, akainua mkono. "Mheshimiwa, tembe la babu yangu lilikuwepo barabara haijawa hata na jina. Mkondo ndio uliojengwa ukatufuata."

"Mzee, sasa si wakati wa kulaumiana."

Wakati wa kulaumiana ni upi? Naomba nitajiwe, nijiandae. Mwenyekiti alikuwa amesimama pembeni ya yule mkubwa, ana kitambaa anajifuta macho. Ndiye aliyegawa blanketi. Ilipofika zamu yangu akaninyooshea kwa mikono miwili kwa heshima, akasema, "Pole sana, dada yangu. Ni kazi ya Mungu." Nilikuwa nimelowa na natetemeka, nikalipokea. Usiku nilijifunika. Sina cha kujifichia katika hilo, baridi ni baridi.

Nilijaribu kusema. Nilimfuata mmoja wa wale maofisa kwenye gari, nikamweleza viroba. Akamuuliza mtendaji wa kata. Mtendaji akasema taarifa alizonazo ni kwamba viroba vililetwa na mafuriko. Yaani korongo lilikwenda milimani likashona viroba, likajaza mchanga, likafunga kamba! Ofisa akaitikia kwa kichwa, akapandisha kioo. Kesho yake mtambo ukaja kutengeneza barabara, na cha kwanza kufanya ni kung'oa vile viroba na kuvisukumia shimoni. Makalavati yakawa wazi kabla ya jua kukaa sawa. Nilisimama natazama jinsi kazi ile ilivyokuwa nyepesi.

Sasa barabara imepona. Mpunga wa mwenyekiti ulikufa pia, na watu wananiambia ameshapata adhabu yake, nimwachie. Mpunga unapandwa tena. Ananisalimia njiani na mimi naitikia, maana kwetu salamu haikataliwi. Wenzangu wamejenga upya pale pale kwa udongo ule ule, na wanasema ninyamaze, nitaleta balaa, mvua za mwaka huu bado hatujaziona. Hata shemeji anasema hivyo.

Sinyamazi. Sitaki unga mwingine wala sitaki pole. Nataka mwenyekiti aitwe shuleni, mbele ya watu wale wale, na mtendaji wa kata, na bwana shamba, na yule mtu wa barabara, wakae kwenye viti walivyozoea kukaa. Nataka waulizwe kwa sauti, mmoja mmoja. Wewe uliyesifu, ulijua maji yatakwenda wapi? Wewe uliyeona ukapanda gari, kazi yako ilikuwa nini? Wewe uliyesema utafuatilia, ulifuatilia nini? Na wewe uliyejibu hapana kwenye simu, tulipokuja na majembe, tulipokuomba, mpunga wako na mama yangu uliwapimaje? Jibu. Mimi nitakuwa nimekaa mbele, na safari hii hakuna wa kunivuta kanga.