Mchumba Wangu Alisoma Mistari Yangu Mbele ya Ukumbi, Nami Nikacheka

Admin, nifiche kabisa, hata mtaa usitaje. Nakuru ni mji mkubwa lakini sisi tunaotengeneza tovuti na programu tunajuana wote, na nusu yao wanafuata hii page.

Nina miaka ishirini na saba, kwetu ni Subukia. Nina mchumba, nitamwita Brayo. Kazi tunafanya pamoja: mimi naandika code, yaani maagizo ya kompyuta, yeye anaongea na wateja, kwa sababu mdomo alipewa akaongezewa. Mfumo wetu unamwezesha mfugaji kuona kwa simu maziwa yake yamepimwa kilo ngapi. Kila mstari wa huo mfumo niliuandika mimi.

Jumamosi wazee wa kwao wanakuja nyumbani kuleta mahari. Mama ameshapaka sebule rangi na kuazima viti vya kanisa.

Wiki iliyopita kulikuwa na kongamano la developers, sisi watengenezaji wa programu, hapa mjini, na Brayo akapewa nafasi ya kuzungumza. Akaniambia, "Babe, vaa poa. Nitakuita mbele wasee wakujue." Nikasuka nywele, nikavaa rinda nililoshonewa harusi ya dada yangu, nikakaa safu ya pili na kibeti mapajani, tayari kusimama.

Kwa wasioijua hii kazi, ndani ya code kuna mistari ambayo kompyuta inairuka. Unajiachia hapo maneno ya kujikumbusha. Wengine huandika Kiingereza kikavu. Mimi huandika kama mtu anayejisemesha jikoni, maana sikuwahi kufikiri kuna atakayesoma isipokuwa mimi na Brayo.

Mada yake ikatokea kwenye skrini: makosa ya developer anayeanza. Chini yake, code yangu. Hakusema ni ya nani. Alisema tu aliiokota mahali fulani.

Akaanza kusoma, tena kwa sauti ya kike. "Usiguse hapa, ukigusa yote yanaanguka." Watu wakacheka. "Ee Mungu, hii ikubali leo hata kama kesho itakataa." Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Hapo hata mimi nilitabasamu, nikajiambia ni mzaha, ataniita sasa hivi.

Kisha akateremka hadi mstari mwingine. "Leo nimetoka hospitali. Sina nguvu. Nitaacha hivi." Akawaangalia watu, akasema, "Wasee, hii code ililaza mtu wodi."

Walicheka hadi wengine wakapiga meza. Jamaa aliyekaa kando yangu alinigusa kwa kiwiko ili tucheke pamoja.

Siku niliyoandika mstari huo nilikuwa nimepoteza mimba. Mimba yake. Ni yeye aliyenichukua hospitali, ni yeye aliyenipikia uji, na ni yeye aliyesema nisimwambie mtu, tutapata mwingine tukishaoana. Waliojua maana ya ule mstari ni watu wawili tu duniani, na mmoja ndiye alikuwa ameshika maikrofoni.

Na mimi nilicheka. Nilicheka kwa nguvu, kwa sababu ningenyamaza, yule jamaa angejua ni mimi. Hilo ndilo linaniuma kuliko yote.

Hakuniita mbele. Saa ya chakula alikuja na sahani ya pilau, watu wanamfuata wapige picha naye. Nikamvuta kando nikamuuliza, "Ile ya hospitali ulikuwa umesahau?"

"Sikuwa nimesahau," akasema. "Lakini nilijua hiyo ndiyo itawamaliza. Na hakuna mtu alijua ni wewe. Si hata wewe nilikuona ukicheka?"

Halafu akaitazama sahani niliyoshika, akaniuliza kama nitaimaliza nyama yangu.

Nikivunja huu uchumba, nyumbani watataka sababu. Nikisema alinicheka, najua shangazi zangu watasema mwanaume wa kukucheka ni afadhali kuliko wa kukupiga. Nikisema yote, lazima nianze na mimba, na mama yangu ndiye mwenyekiti wa akina mama kanisani. Hajui kitu. Nikinyamaza, nitalala maisha yangu yote kando ya mtu aliyepima uchungu wangu akaona utachekesha.

Jana mama alinipigia. Mtu amemtumia video ya Brayo akiongea kwenye kongamano. Alikuwa anacheka hadi anakosa pumzi.

"Huyu mkwe wangu ana vituko, mwanangu. Hiyo ya hospitali nimeirudia na kuirudia. Nimewaonyesha hata akina mama wa kanisa."

Nikamwambia, ndiyo mama, ni mcheshi sana.

Ninyi mliosoma hadi hapa, Jumamosi ndiyo hiyo inakuja. Mngekuwa mimi, mngekaa kwenye kile kiti cha kanisa mkasema ndiyo? Niambieni, hata kama ni kwa ukali.